Saa, Redio na Baraza la Duka

Wahenga walisema kila zama na kitabu chake. Kwa askari wa leo ingefaa kusema pia kila zama na vyombo vyake, maana katika muda usiozidi miaka ishirini na mitano vitu ambavyo kuruta alihimizwa kuvitunza kama anavyotunza bunduki yake vimetoweka mfukoni, mezani na dukani, wala hakuna aliyepiga tarumbeta kuviaga. Nazungumzia saa ya mkono ya kutiwa ufunguo kila asubuhi, tochi ya betri mbili nene, redio ndogo yenye mkanda wa begani, kanda za muziki, kamera ya filamu, pasi ya makaa na kadi ya simu ya kukwangua. Pamoja navyo yanatoweka maduka tulimovinunua, na tena, jambo ambalo halitambuliwi upesi, yanatoweka mabaraza ya maduka hayo, pale walipoketi mafundi waliovitengeneza.

Kimihurura ni mahali pazuri pa kuyatazama mambo hayo. Katika kilima hiki kimoja cha Kigali ipo Wizara ya Ulinzi, lipo jengo la Bunge ambalo kuta zake bado zina alama za vita vya mwaka 1994, na ipo Zigama, chama cha akiba na mikopo cha askari kilichoanzishwa mwaka 1997. Kando ya mzunguko mkubwa wa barabara limesimama Jumba la Mikutano la Kigali, lililofunguliwa mwaka 2016, lenye kuba ambayo msanifu Mjerumani Roland Dieterle aliibuni kwa kufuata umbo la nyumba ya wafalme wa Rwanda. Ng'ambo ya mzunguko huo ni Kigali Heights, jumba la maduka na ofisi lililofunguliwa mwaka huo huo. Halafu ukiteremka katika njia za mawe ziendazo bondeni, utakuta yangalipo maduka machache ya kale ya chumba kimoja, yenye mlango wa mbao, kaunta moja, na baraza la saruji mbele. Askari anayetoka zamu akitembea robo saa tu huwa amekwisha kuipita historia nzima ya duka.

Katika mojawapo ya mabaraza hayo huketi sajini mstaafu, mtu wa makamo aliyekwisha kupita, ambaye tangu alipovua sare amekuwa akitengeneza saa na redio. Sitalitaja jina lake kwa sababu mwenyewe hakupenda. Meza yake si kubwa kuliko sanduku la risasi. Juu yake mna koleo ndogo, bisibisi nyembamba kama sindano, chupa ya mafuta, chuma cha kulehemu, na kisanduku cha bati chenye vijikaratasi vilivyoandikwa kwa penseli, kila kimoja kimefungwa kwa uzi kwenye saa ya mtu. Kioo cha kukuzia hukibana jichoni, na anapokuwa amekibana hasemi na mtu hata awe jenerali.

Nilimwuliza kama kazi ingali ipo. Akamaliza kwanza kufunga skurubu aliyokuwa akiifunga, ndipo akanitazama.

"Afande," akasema, "saa haifi. Mwenyewe ndiye anayeichoka."

KAMANI NA JIWE

Kwa faida ya vijana ambao hawakupata kuvaa saa ya ufunguo, nitaeleza kidogo. Ndani yake mna kamani, yaani utepe wa chuma uliosokotwa. Ukiizungusha taji kwa kidole unaisokota kamani, nayo ikijifungua polepole mchana kutwa husukuma magurudumu yenye meno, na mwisho wa magurudumu hayo kipo kigurudumu kimoja kiendacho huku na huku, mara tano au sita kwa kila sekunde, kikizuia nguvu isimwagike yote kwa mara moja. Mlio ule wa saa, tiki-tiki, ni sauti ya kizuizi hicho. Mafuta yake hukauka baada ya miaka kadhaa na vumbi huingia, kwa hiyo saa ya namna hiyo haina budi kufunguliwa, kuoshwa na kutiwa mafuta tena. Hapo ndipo ulipotoka mkate wa fundi.

Mambo yalianza kugeuka tarehe 25 Desemba, 1969, siku ambayo kampuni ya Seiko ya Japani iliuza kwa mara ya kwanza saa ya mkono iendeshwayo kwa jiwe la kwatsi na betri. Katika saa nyingi za namna hiyo zilizofuata, jiwe hilo likipitishwa umeme hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde moja, na hesabu hiyo haibadiliki upesi kwa joto wala kwa mtikisiko. Saa hiyo ya kwanza ilikuwa ghali mno, lakini haikupita miaka mingi saa za jiwe zikawa rahisi kuliko gharama ya kuosha saa ya kamani. Saa ya Casio ya plastiki, ambayo askari wengi wa Afrika Mashariki waliivaa na wengine wangali wakiivaa, haihitaji fundi. Huhitaji betri tu, tena baada ya miaka. Nayo ikiharibika hutupwa.

Fundi wetu hakuangushwa na saa hiyo. Aliongeza kazi ya redio, na baada ya redio akaongeza vinasa sauti vya kanda, na baadaye simu za mkononi zile za kubonyeza. Kila chombo kilipoanza kufifia yeye alikuwa amekwisha kujifunza kingine. Ndiyo maana nasema ni kosa kudhani kwamba mafundi wa namna hii ni watu wa zamani walioshindwa kwenda na wakati. Kilichomfika sasa ni jambo jingine kabisa, nami nitalifikia.

REDIO

Redio inahitaji maneno yake peke yake, hasa katika nchi hii. Radio Rwanda ilianza kutangaza mwaka 1961, na kwa miaka mingi redio ya betri ilikuwa ndiyo gazeti, saa, kalenda na mjumbe wa vifo wa kijiji kizima. Wakubwa wetu walijua kuzianika betri zilizochoka juani ili zitoe pumzi ya mwisho, na kwa kweli hawakuwa wakiota ndoto: joto huyahimiza yale madawa yaliyomo ndani, nawe ukapata taarifa ya habari moja zaidi, au nusu yake.

Walakini si kila kumbukumbu ya redio ni tamu. Kuanzia Julai 1993 kituo cha RTLM kilitumia chombo hicho hicho kuchochea chuki, na katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 kikawa kikiwaelekeza wauaji. Upande wa pili, Radio Muhabura ya wapiganaji wa RPF ilikuwa hewani tangu mwaka 1991, na waliokuwa na ujasiri waliisikiliza kwa sauti ya chini, sikio likigusa kipaza sauti. Askari 600 wa RPA waliowekwa katika jengo la Bunge hapa Kimihurura mwezi Desemba 1993, kwa kufuata makubaliano ya Arusha, walizungukwa mle wakapigana. Sehemu ya jengo hilo tangu Desemba 2017 ni makumbusho ya kampeni ya kuyakomesha mauaji hayo. Askari kijana akipata nafasi aende, akatazame. Nataja haya ili nisidhaniwe kuwa naandika kwa sababu napenda tu vitu vya kale. Redio niliyoikuta nyumbani utotoni ilikuwa nzuri, yenye ngozi nyeusi na vitundu vidogo mbele, na mama alikuwa akiifunika kitambaa ilipolala. Lakini kuna wazee waliokuwa wakija kwetu ambao walikataa kukaa karibu nayo, nami sikuelewa sababu mpaka nilipokuwa mtu mzima.

SIMU ILIYOMEZA VYOTE

Aliyeyameza yote hayo twamjua. Kampuni ya MTN ilianza kazi Rwanda mwaka 1998, na katika miaka ya mwanzo mwananchi wa kawaida hakuwa na simu yake; alimwendea mtu aliyesimama njiani na simu ya mezani isiyo na waya, ile watu waliyoiita tuvugane, akalipa kwa dakika huku mwenye simu akitazama saa. Kisha zikaja simu ndogo za Nokia. Iliyokuwa na athari kubwa kwetu, kwa maoni yangu, si ile iliyosifiwa kwa michezo, bali Nokia 1100 ya mwaka 2003, kwa kuwa ilikuwa na taa kichwani. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na kila mahali ilipofika, tochi ya betri mbili ilianza kulala kabatini. Zamu ya usiku ikapata taa, saa, kengele ya kuamsha na simu katika kitu kimoja kinachoenea kiganjani.

Kubipu nako, ule ufundi wa kupiga simu na kukata kabla haijapokewa, umekufa kimya kimya tangu dakika za kuongea zilipoanza kuuzwa kwa mafungu. Palikuwa na lugha nzima ndani yake. Mlio mmoja: nimefika salama. Miwili: nipigie. Askari aliyekuwa mbali na mkewe alijua kuutofautisha mlio wa mapenzi na mlio wa ada ya shule!

Sasa simu ya kioo imemeza kamera, ramani, dira, kitabu cha anwani, na tangu mwaka 2010 MTN ilipoanzisha huduma ya fedha kwa simu hapa nchini, imemeza na pochi. Zamani katika majeshi ya ukanda huu askari alilipwa mezani. Alipanga mstari, akaitwa namba, akapiga saluti, akahesabiwa noti mbele ya shahidi, akatia sahihi. Mshahara ulikuwa na uzito. Ukiutoa mfukoni ulijua umepungua. Leo mshahara huingia katika hesabu bila sauti na hutoka bila sauti, na mwezi ukifika tarehe kumi na tano kijana hushangaa zimekwenda wapi. Simlaumu mtu. Mshahara wa kupitia benki umewaokoa wengi na wizi wa njiani, na wapo askari waliojenga nyumba kwa mikopo ya Zigama ambao kwa fedha ya kuhesabiwa mezani wasingejenga hata choo. Nasema tu kwamba zile noti mkononi zilikuwa chombo cha kujipima, nacho kimekwenda na vingine.

Lipo na jambo linaloihusu kazi yetu hasa. Mwezi Januari 2018 iligundulika kwamba ramani iliyochapishwa na kampuni ya Strava, inayohifadhi mbio za watu wavaao saa na simu za kupimia mazoezi, ilikuwa imezionyesha waziwazi njia walizokuwa wakikimbilia wanajeshi ndani ya kambi zao, zikiwamo kambi za majeshi ya kigeni huko Syria na Afghanistan. Hakuna jasusi aliyepanda ukuta. Askari wenyewe, kwa kukimbia mazoezi ya asubuhi, walichora kambi yao. Saa ya kamani haikuwa na uwezo wa kumsaliti mtu. Katika mafunzo ya makadeti wapo waliolalamika kufundishwa ramani ya karatasi na dira ya sindano wakati kila mmoja ameacha simu nyumbani inayojua yote. Nadhani taarifa hiyo ya mwaka 2018 ni jibu la kutosha.

MSANIFU WA VIENNA

Tuje kwenye duka. Duka la zamani la Afrika Mashariki, liwe la Mhindi, la Mwarabu, la Mswahili wa Biryogo au la mfanyabiashara wa huku bara, lilikuwa na sehemu tatu: ghala nyuma, kaunta katikati, baraza mbele. Bidhaa zilikaa nyuma ya mwenye duka. Mnunuzi hakushika kitu mpaka akitaje. Hilo lilimlazimu aje akijua anachotaka, na mwenye duka naye alimjua mteja, akaandika deni katika daftari. Baraza halikuwa pambo. Palikuwa mahali pa fundi cherehani, fundi saa, muuza magazeti, kinyozi wakati mwingine, na wazee wa bao. Mwenye duka hakuwatoza kodi kubwa kwa sababu walimletea watu.

Jumba la maduka kama tunavyolijua leo lina baba yake. Alikuwa Victor Gruen, msanifu Myahudi wa Vienna aliyewakimbia Wanazi mwaka 1938 akafika Marekani. Mwaka 1956 alikamilisha Southdale, katika mji wa Edina, jimbo la Minnesota, jumba la kwanza la maduka lililofunikwa lote, lenye hewa ya kupashwa moto wakati wa baridi na kupozwa wakati wa joto, na uwanja wa ndani wenye miti na ndege. Shabaha yake ilikuwa njema: alitaka kuwapa Wamarekani waliojifungia ndani ya magari mahali pa kutembea kwa miguu na kuonana, kama katika mitaa ya kwao. Lakini wenye mtaji waliotwaa wazo lake waliacha uwanja wa watu wakachukua duka, wakalizungushia bahari ya maegesho ya magari. Katika uzee wake aliyakana majumba hayo hadharani kama mtu anayemkana mtoto asiye wake. Na zaidi ya hapo, jina lake lilipachikwa kwenye ile hali impatayo mnunuzi anapoingia mahali pasipo saa ukutani wala dirisha, taa ikiwa ni ile ile asubuhi na jioni, akasahau alichokuja kununua na kuanza kununua asichokijia. Askari mwenye mshahara usio na uzito akiingia humo, hesabu yake ni nyepesi kuikisia.

Wazo hilo lilifika kwetu kwa hatua. Nairobi ilipata Sarit Centre mwaka 1983. Kigali ilipata Union Trade Centre mwaka 2006, na mwaka 2008 likafunguliwa humo duka la Nakumatt kutoka Kenya, ambalo halikufunga usiku wala mchana. Kijana wa wakati ule aliingia Nakumatt kama anayeingia uwanja wa ndege. Kwa mara ya kwanza wengi wetu tuliruhusiwa kukishika kitu kabla ya kukilipia. Nakumatt, ambayo jina lake limetokana na magodoro ya Nakuru, ilidhoofika kwa madeni ikaondoka, na mwaka 2020 wadai wake waliamua ifilisiwe. Majumba mengine yakaja: mnara wa Kigali City Tower wenye ghorofa ishirini, kisha Makuza Peace Plaza, kisha Kigali Heights hapa juu.

Nina maoni yangu juu ya majumba haya, nami nayasema bila kumkusudia mwenye jumba lolote. Minnesota hupata baridi ya kuua, ililazimu wajifunike. Kigali imekaa kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,500, na hewa yake kwa mwaka mzima ni ile ambayo matajiri wa nchi nyingine huinunua kwa umeme. Kulifunga duka ndani ya kioo katika mji kama huu, halafu kulipoza kwa mashine kwa sababu kioo kimelitia joto, ni kama kuvaa koti ili upate sababu ya kujipepea. Nafurahi kuona kwamba wasanifu wameanza kulitambua hilo. Mwaka 2015 kipande cha barabara ya katikati ya mji kilifungwa kwa magari, na mwaka 2022 kikafunguliwa upya kwa jina la Imbuga City Walk, watu wakaketi nje. Biryogo nako, mwaka 2021, mitaa ilifungwa kwa magari ikapakwa rangi, meza za chai zikatolewa njiani. Hata Nairobi na Marekani kwenyewe wamerudi kujenga maduka yanayotazamana uwanjani, wazi kwa jua. Yaani baada ya miaka sabini wamerudi kwenye baraza, isipokuwa safari hii baraza lina mpangaji wa kahawa.

MLANGO MMOJA AU MINGI

Wenzetu wa polisi watasema duka si biashara tu, na watakuwa wamesema kweli. Tarehe 21 Septemba, 2013, watu wanne wenye silaha waliingia Westgate, jumba la maduka la Nairobi lililofunguliwa mwaka 2007, wakaua watu 67. Juu ya paa la kuegeshea magari kulikuwa na mashindano ya mapishi ya watoto. Mzingiro ulichukua siku nne. Tangu siku hiyo hakuna jumba kubwa la maduka katika ukanda huu linalojengwa bila kufikiria mlango wa ukaguzi, na hapa Kigali mtu aingiapo jumba la maduka hupitisha mfuko wake kwenye mashine na mwili wake kwenye fremu. Wageni hushangaa, sisi tumezoea.

Ningeongeza jambo moja kwa askari na polisi wanaopita humo siku ya mapumziko. Duka la kale lilikuwa na mlango mmoja na kila mtu aliujua. Jumba la leo lina milango ya mizigo, ngazi za dharura, njia za nyuma za wafanyakazi, na mnunuzi wa kawaida hajui hata mmoja wapo, kwa sababu jumba limebuniwa asiione njia ya kutoka upesi. Ukiingia na watoto kununua viatu, tumia dakika mbili kujua ngazi ilipo na mlango wa mizigo unatokea wapi. Hakuna atakayekulipa kwa kujua hilo, na Mungu akipenda hutalitumia.

KANTINI

Askari hakutegemea duka la raia tu. Jeshi la Uingereza liliunda NAAFI, shirika la kantini lililoanza biashara mwaka 1921, na majeshi yaliyorithi desturi zake katika Afrika Mashariki yakarithi na kantini. Kenya wangali na maduka yao ya jeshi. Tanzania iliondoa msamaha wa kodi katika maduka ya majeshi kwenye bajeti ya mwaka 2016/17, askari wakapewa posho badala yake. Sisi tuna AFOS, duka la majeshi linalowauzia askari na polisi kwa bei nafuu. Ni msaada mkubwa, hasa kwa mwenye kujenga. Lakini lipo jambo ambalo bei nafuu hailitimizi. Katika AFOS, kama katika jumba lolote la leo, utanunua redio mpya, pasi mpya na simu mpya. Hutapata mtu wa kuitengeneza ya zamani.

Na hapo narudi kwa sajini. Duka ambalo barazani kwake anaketi linabomolewa. Mwenye kiwanja, ambaye kwa haki kabisa anataka kujenga ghorofa kama jirani zake, amempa notisi mpaka mwisho wa mwezi huu. Sajini alikwenda kuuliza katika majumba mapya. Katika moja alionyeshwa kibanda cha kioo ambacho kodi yake hutozwa kwa mita ya mraba, na akipiga hesabu, ingembidi aoshe saa arobaini kwa mwezi ili alipe kodi tu, kabla hajala. Katika jingine aliambiwa kwa adabu kwamba kazi ya kulehemu haitakiwi ndani kwa sababu ya vile vyombo vya moshi darini. Katika la tatu hapakuwa na mtu wa kumwuliza. Palikuwa na namba ya simu ukutani.

"Mzee," nikamwambia, "si ungekwenda sokoni Kimironko?"

"Nitakwenda, Afande. Lakini hizi saa wenyewe wananijua hapa."

Hilo ndilo lililonifanya niandike. Nimezungumza na baadhi ya wasanifu wa mji wetu, vijana wa rika langu, nao wanakiri kwamba katika michoro yao mna mahali pa benki, pa kahawa, pa mazoezi ya viungo, pa watoto kuchezea, na hamna mita mbili za mtu mwenye koleo. Si kwa ubaya. Hakuna aliyewaambia kwamba mtu huyo yupo. Kama ghorofa ya chini ya kila jumba jipya ingeachiwa baraza la upana wa hatua mbili, linalotazama njia, kwa kodi ya mafundi, sioni hasara ingekuwa kubwa kiasi gani kwa mwenye jumba anayekodisha ghorofa nane. Maduka yetu wenyewe ya majeshi yangeweza kuonyesha mfano, kwani wapo mafundi wengi miongoni mwa waliostaafu, wa redio, wa viatu, wa cherehani, ambao walijifunza kazi hiyo jeshini kwa gharama ya taifa. Pendekezo hilo nimeliandika rasmi mahali panapohusika na ninangoja jibu.

Kwa sasa lipo la haraka zaidi. Katika kile kisanduku cha bati zimebaki saa kumi na nne zilizokwisha kutengenezwa ambazo wenyewe hawajazifuata. Nyingi, kwa kuzitazama vijikaratasi, ni za askari: kwenye kimoja imeandikwa cheo tu na neno "Darfur," yaani mwenyewe aliiacha akielekea kazi ya kulinda amani, kazi ambayo majeshi yetu yaliianza huko mwaka 2004. Kuna Seiko yenye kioo kilichopasuka kidogo upande wa saa tatu, ipo ya mkanda wa chuma iliyoandikwa nyuma herufi mbili kwa msumari, na ipo moja ya kike, ndogo, ambayo ilipokewa kutoka kwa konstebo mmoja. Sajini huzitia ufunguo zote kila Jumatatu asubuhi ili mafuta yasigande. Hazidai malipo zaidi ya yaliyoandikwa kwenye karatasi, hata kama ni bei ya miaka kumi iliyopita. Mwenye saa, au mtoto wake, aje Kimihurura kabla ya mwisho wa mwezi, ateremke njia ya mawe, aulize fundi saa. Wenye maduka ya njia hiyo wote wanamjua. Baada ya hapo zitahamia Kimironko pamoja naye, na huko itambidi mtu aulize zaidi.